Kabla ya kumkatia ng'ombe marejea, tazama jani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ufafanuzi kuhusu picha iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa kilimo. Picha hiyo ilionyesha mmea wa maua ya njano uliofunika ukingo wa barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Masasi, na maelezo yaliyoambatana nayo yalisema kwamba huo ni marejea, kwamba unarutubisha udongo, na kwamba wafugaji wanaweza kuukata, kuukausha na kuwalisha mifugo wakati wa kiangazi. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ina ukweli ndani yake. Sehemu ya mwisho inaweza kuua ng'ombe, na ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Kosa lenyewe linaeleweka, kwa sababu jina marejea katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma hutumika kwa mimea mingi inayofanana kwa maua na kwa tabia. Yote ni ya jenasi moja, Crotalaria, iliyo ndani ya jamii ya mikunde pamoja na kunde, mbaazi, karanga na njugumawe. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo 700 duniani, na sehemu kubwa kabisa ya spishi hizo ni za bara letu la Afrika. Kwa hiyo mtu anayesema "marejea" bila kuongeza neno huwa ametaja ukoo mzima, na katika ukoo huo wapo wanaofaa kurutubisha shamba, wapo wanaoliwa kama mboga, na wapo ambao mbegu zake ni sumu kali kwa ini. Rangi ya ua haitenganishi makundi hayo, kwa kuwa karibu wote huchanua njano.

Mmea uliokuwa katika picha yenu, kwa jinsi ulivyoonekana, ni Crotalaria retusa. Nasema hivyo kwa kutazama jani tu, maana jani lilionekana wazi upande wa kushoto wa picha: ni jani moja zima, jembamba kwenye kikonyo, likazidi kupanuka kuelekea mbele, kisha likaishia kwa ncha butu yenye kibonyeo kidogo katikati. Hakuna marejea ya kupandwa shambani yenye jani la namna hiyo. Mwandishi wa maelezo yale angelitazama jani kabla ya kulitazama ua, barua hii isingehitajika.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima, nitaeleza kwa kirefu jinsi ya kuutambua mmea huu na ndugu zake wa karibu, nikianzia kwenye kitu ambacho kila mkulima wa Ruangwa, Nachingwea, Masasi au Newala anakijua, yaani ua la mbaazi. Ua la mbaazi lina petali tano zisizolingana. Moja iliyo pana husimama nyuma, mara nyingi ikiwa na michirizi myekundu mgongoni. Mbili hukaa ubavuni. Na mbili za chini zimeshikana zikawa na umbo la mtumbwi, na ndani yake zimefichwa sehemu za uzazi za ua. Ua la marejea limejengwa kwa mpangilio huo huo, na ndiyo maana mtu akipita kwa haraka anaweza kudhani ameona mbaazi pori. Tofauti ipo kwenye ule mtumbwi wa chini. Katika marejea hujikunja kwa ghafla ukaelekea juu na kumalizikia kwa ncha ndefu kama mdomo wa ndege, na katika spishi nyingi ncha hiyo imejisokota kidogo. Mbaazi haina ncha hiyo.

Anayetaka uhakika zaidi, hasa wanafunzi wa sekondari wanaosoma baiolojia, na afungue ua kwa kucha au kwa wembe ahesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Zitakuwa kumi katika mimea yote miwili, lakini katika mbaazi tisa zimeungana na moja imesimama peke yake, ilhali katika marejea zote kumi zimeungana chini na kufanya ala moja iliyopasuka upande wa juu. Zaidi ya hapo, vichwa vya stameni za marejea ni vya namna mbili: vitano virefu na vitano vifupi vya mviringo, vikipishana. Sijui alama nyingine ndogo kama hii inayoutambulisha ukoo mzima kwa uaminifu kiasi hicho. Ina kazi yake pia. Wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao wanapotua juu ya ua, uzito wao huusukuma mtumbwi ule chini, na chavua husukumwa kutoka kwenye ncha na kupakwa tumboni mwa nyuki, naye huipeleka kwenye ua jingine. Mtu akikaa karibu na kichaka cha marejea asubuhi mvua zikielekea ukingoni, ataliona jambo hilo likirudiwa ua kwa ua.

Ganda nalo ni shahidi. Ganda la mbaazi ni bapa na lina mikunjo ya mshazari kati ya mbegu na mbegu. Ganda la marejea limevimba na lina hewa ndani. Likikauka, mbegu huachia kutoka kwenye ukuta wa ganda, na ukilitikisa hulia. Watoto wa vijijini huyachuma maganda hayo na kuyachezea, na ni vizuri wazazi wajue kwamba mbegu zilizomo si za kutiwa mdomoni.

Hadi hapo tumeutambua ukoo, na kazi iliyobaki, ambayo ndiyo ngumu, ni kumtambua mmoja mmoja ndani yake. Hapa nashauri kwa nguvu zote kwamba jani litangulie. Mimea ya Crotalaria inayoonekana zaidi katika mikoa yetu hugawanyika katika mafungu mawili ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuyatenganisha: ile yenye jani moja zima katika kila kikonyo, na ile yenye vijani vitatu katika kila kikonyo, kama ilivyo mbaazi na kunde. Jambo hili halibadiliki kwa ukame wala kwa mbolea. Urefu wa mmea hubadilika, ukubwa wa ua hubadilika, hata wingi wa michirizi kwenye petali hubadilika, lakini Crotalaria retusa haitaota vijani vitatu hata ukiipanda kwenye zizi la ng'ombe.

Katika fungu la jani moja, wa kwanza ni huyo huyo Crotalaria retusa, mkazi wa mchanga wa pwani, viwanja vilivyoachwa na kingo za barabara, ambaye mara nyingi hafiki kimo cha kifua cha mtu. Maua yake ni ya njano iliyokolea, na petali ya nyuma ina michirizi ya zambarau iliyoiva. Wa pili ni Crotalaria spectabilis, mwenye asili ya Asia ya kusini, ambaye majani yake ni makubwa na mapana zaidi, na chini ya kila kikonyo cha ua pana kijani kidogo kipana kisichodondoka mapema. Kijani hicho ndicho humtofautisha na retusa, ambaye vijani vyake vya mahali hapo ni vyembamba sana na ni rahisi kutoviona. Wa tatu ni Crotalaria juncea, anayetoka India, ambako nyuzi za shina lake husokotwa kamba na kutengenezwa nyavu. Huyu hurefuka kuliko wenzake, jani lake ni jembamba lenye ncha kali, na ganda lake ni fupi lenye vinyweleo laini vya mahameli.

Fungu la vijani vitatu ndilo lenye marejea wenyewe wa shambani, Crotalaria ochroleuca. Vijani vyake ni virefu na vyembamba mno, maua yake ni ya njano iliyopauka, wakati mwingine karibu na nyeupe ya maziwa, yenye mishipa ya wekundu wa kahawia, na ganda lake ni nene, lenye urefu wa sentimita tano hadi saba na upana unaokaribia sentimita mbili. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Crotalaria brevidens, anayefanana naye kwa jani lakini ganda lake ni jembamba zaidi, chini ya sentimita moja kwa upana, na limepinda kidogo. Hao wawili ndio wanaopandwa bustanini magharibi mwa Kenya na kupikwa kama mboga, ambapo Wajaluo huiita mitoo. Walaji wa huko wanajua kwamba brevidens ni mchungu zaidi na kwamba ochroleuca ana rangi ya kijani iliyong'aa na uchungu hafifu.

Katika fungu hilo hilo la vijani vitatu, hata hivyo, wamo wasiofaa kuchanganywa na hao. Crotalaria pallida, anayeota karibu kila nchi ya joto duniani, ana vijani vipana vya mviringo, na maua yake hujipanga kwa wingi kwenye shada refu. Yakishazaa, maganda membamba hubaki yamening'inia yakielekea chini, yamebanana kwenye shada lile lile. Ukiona maganda yaliyobanana hivyo yakiwa yameinamia ardhini, na vijani vipana, usimwite huyo marejea wa mbolea. Crotalaria laburnifolia, ambaye hupatikana pwani yetu, ana maua makubwa kuliko wote niliowataja, na ganda lake lina alama isiyo na mfano kwa wengine hao: kati ya mahali ua liliposhikilia na mahali ganda linapoanza pana kijiti chembamba kirefu, hivi kwamba ganda huonekana limetundikwa. Spishi zote hizo mbili, pallida na laburnifolia, zina alkaloidi, yaani kemikali za mimea, zenye sumu. Mojawapo ya alkaloidi za ukoo huu, usaramini, ilitengwa kwanza kutoka kwenye spishi iliyokuwa imepewa jina la Uzaramo, kwa hiyo suala hili si la nchi za mbali hata kidogo.

Sasa nije kwenye sumu yenyewe, ambayo maelezo ya picha hayakuigusa. Mbegu na majani ya spishi nyingi za Crotalaria zina alkaloidi za kundi la pirolizidini. Katika retusa na spectabilis ile iliyo kuu huitwa monokrotalini, na mbegu ndizo zenye kiwango kikubwa zaidi. Alkaloidi hizo zikiwa ndani ya mmea hazina ukali mkubwa. Ini la mnyama ndilo huzibadilisha, katika kazi yake ya kawaida ya kusafisha damu, zikawa kemikali zinazoharibu chembe za ini lenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu iliyomo. Monokrotalini huharibu pia mishipa ya mapafu, na ni kwa uwezo huo watafiti duniani huitumia katika maabara kuwasababishia panya shinikizo la damu la mapafu ili wachunguze ugonjwa huo.

Hatari kubwa kwa mfugaji ni kwamba madhara huchelewa. Mnyama aliyekula kidogo kidogo kwa wiki kadhaa anaweza kuonekana mzima, kisha akaanza kukonda wiki au hata miezi baada ya kuacha kula mmea huo, akavimba tumbo kwa maji, macho yakawa ya manjano, akatembea ovyo bila kuelekea mahali au akasukuma kichwa kwenye ukuta wa zizi. Kufikia hapo hakuna dawa ya kulirudisha ini. Kwa vile malisho ya wakati huo ni mengine kabisa, mfugaji hutafuta mchawi, ndorobo au maji mabaya, na mmea wa njano kando ya barabara hautajwi. Farasi, punda na nguruwe ndio wepesi zaidi kudhurika, ng'ombe wanafuata, na mbuzi na kondoo huvumilia zaidi, ingawa nao hufa wakila mbegu nyingi. Kaskazini mwa Australia, katika eneo la Kimberley, farasi walikufa kwa ugonjwa uliopewa jina la eneo hilo kabla haujahusishwa na retusa huyu huyu, na kaskazini mashariki mwa Brazil wafugaji wa farasi na kondoo wanamfahamu kwa hasara.

Ng'ombe anayelishwa porini mahali penye nyasi za kutosha mara nyingi humwacha mmea huyu, kwa sababu ya uchungu wake. Humla pale nyasi zinapokwisha, au pale binadamu anapomwondolea nafasi ya kuchagua kwa kuukata mmea, kuukatakata na kuuchanganya na majani mengine. Kukausha hakuiondoi sumu. Ndiyo maana ushauri wa kukata na kukausha kwa ajili ya kiangazi ulinitia hofu kuliko kama mwandishi angesema tu kwamba mmea huo ni malisho mazuri. Mkoa wetu wa Lindi umepokea wafugaji wengi tangu walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, na wengi wao walikuja na maarifa makubwa ya mimea ya huko walikotoka. Lakini mimea ya mchanga wa pwani na ya miombo ya kusini si ile ya Usangu, liliko bonde hilo. Mtu wa namna hiyo akisoma gazetini kwamba mmea fulani ni malisho, ana haki ya kuamini.

Binadamu nao wamo katika hesabu hii. Nchini Jamaica mwaka 1954 madaktari walieleza ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya ini uliowapata hasa watoto wadogo, na wakauhusisha na chai ya majani ya porini, mojawapo ikiwa ni ya Crotalaria yenye maua ya njano. Katika wilaya ya Sarguja nchini India, katika miaka ya 1970, vijiji vilipata ugonjwa huo huo baada ya watu kula uwele mdogo wa huko uliochanganyika na mbegu za Crotalaria iliyoota shambani. Hao wa Sarguja hawakuchuma dawa wala mboga. Walivuna nafaka yao kama kawaida, magugu yakavunwa pamoja nayo, na kupepeta hakukutenganisha mbegu.

Jambo hilo linatuhusu kwa karibu sisi tunaolima mtama, ufuta na mbaazi na kupiga mazao yetu chini. Mbegu ya retusa inakaribia ukubwa wa punje ya mtama, hivyo ungo hauwezi kuiondoa yote. Viwango vya nafaka vya Marekani, kwa mfano, huyashusha mahindi hadi daraja la chini kabisa iwapo sampuli ya kilo moja itakutwa na mbegu 3 au zaidi za Crotalaria. Mbegu tatu tu. Mkulima wa Ruangwa au Liwale anayepeleka ufuta wake ghalani kwa mfumo wa stakabadhi hufikiria mchanga na unyevu, na ni kweli hayo ndiyo yanayomkata bei, lakini ang'oe pia maua ya njano yaliyo ndani ya shamba kabla hayajafunga maganda. Kazi hiyo ikifanywa wakati wa palizi ya pili ni ya saa chache; ikiachwa mpaka mavuno haiwezekani tena.

Baada ya kusema yote hayo, nisingependa msomaji yeyote afyeke marejea wake wa shambani kwa hofu. Crotalaria ochroleuca ni rafiki wa mkulima maskini asiyeweza kununua mfuko wa mbolea ya viwandani. Katika mkoa jirani wa Ruvuma, Wabenediktini wa Peramiho, na hasa mtawa Gerold Rupper, walifanya kazi kubwa ya kuueneza mmea huu miongoni mwa wakulima wa mahindi, na ni kwa juhudi hizo jina marejea lilipata heshima liliyo nayo leo. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Anayetaka kujua kama vinundu vya shamba lake vinafanya kazi na akipasue kimoja: kikiwa na wekundu wa waridi ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijivu, bado au kimeshachoka. Mmea hufyekwa na kufukiwa unapoanza kuchanua, kwa sababu hapo majani yana naitrojeni nyingi na shina halijawa gumu. Akiachwa mpaka azae, naitrojeni nyingi huhamia kwenye mbegu, na mkulima hubaki na vijiti. Kwetu kwenye mikorosho michanga kuna sababu ya ziada ya kutochelewa: mabua makavu yaliyosimama katikati ya mistari mwezi wa Agosti hubeba moto hadi kwenye miti, na sote tunajua moto wa porini wa kusini ukoje.

Spectabilis na juncea nao wana sifa yao shambani, kwani minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya na bamia haizaliani vizuri kwenye mizizi yao, na wakulima wa nchi nyingi huwapanda kwa zamu na mboga kwa ajili hiyo. Lakini spectabilis ndiye aliyepandwa kusini mwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kama mbolea ya kijani, akatoroka mashambani, akawa gugu, akaua mifugo na kuku. Mimi nisingempanda mahali penye ng'ombe au kuku wanaojitafutia, hata kama ningehakikishiwa kwamba minyoo itakwisha. Anayempanda na ahakikishe hamwachi akazaa.

Tatizo ni kwamba mbegu za mimea hii hupita mkono kwa mkono, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, ndani ya chupa au mfuko wa plastiki, na jina linalosafiri nazo ni moja tu, marejea. Mtu anaweza kupokea mbegu za pallida akiamini amepewa ochroleuca. Njia iliyo salama ni kupanda mstari mmoja pembeni kwanza, kungoja majani manne au matano yatokee, na kutazama: vijani vitatu virefu na vyembamba, endelea, vijani vitatu vipana, au jani moja lenye ncha butu, ng'oa. Hakuna haja ya kungoja ua. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaofundisha kuitambua mimea hii kwa maua, kwa maana maua yanapofika mbegu zinafuata nyuma kwa muda mfupi.

Kuna mimea mingine ya maua ya njano ambayo si ya ukoo huu kabisa na huingizwa kwenye mazungumzo haya kwa rangi tu. Mnukauvundo ni wa jamii ya mikunde pia, lakini petali zake tano zinakaribia kulingana, hazina mtumbwi, vijani vyake hukaa kwa jozi bila kimoja cha mwisho, na ukisugua jani harufu yake hujieleza. Mbegu zake pia si malisho. Mchunga, ambao akina mama wetu huuchuma kwa mboga, una maua ya njano yaliyo mkusanyiko wa viua vidogo vingi katika kichwa kimoja, na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Marejea haina utomvu huo.

Nafahamu kwamba maelezo ya maandishi yana mipaka yake, na kwamba spishi za kusini ni nyingi kuliko hizi nilizozitaja. Vitabu vinavyoorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania vilianza kuchapishwa mwaka 1952 na havikukamilika mpaka 2012, na kabla ya hapo mkusanyaji Schlieben, Mjerumani, alikuwa amekwisha kukusanya sampuli nyingi hapa hapa Lindi, katika eneo la ziwa Lutamba, mwaka 1934 na 1935. Sampuli za namna hiyo hutumika hadi leo, kwa sababu mmea uliokaushwa vizuri hauharibiki. Mkulima au mwalimu anayetaka uhakika anaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ya gazeti kuukuu. Akate tawi lenye majani, ua na ganda kwa pamoja, maana tawi lenye ua peke yake halitoshi. Alilaze ndani ya kurasa za gazeti, ageuze baadhi ya majani ili upande wa chini uonekane, alibane chini ya mbao au mawe, na abadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Aandike kijiji, tarehe, aina ya udongo, kimo cha mmea, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na jina linalotumiwa na wenyeji, liwe la Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Sampuli kama hiyo inaweza kupelekwa kwa afisa ugani wa kata, au katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, au ikatumwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa iliyoko Arusha.

Kwa upande wa gazeti, ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba mnapochapisha picha ya mmea wowote na kuutaja kuwa chakula, dawa au malisho, picha ionyeshe jani na tunda pamoja na ua, na mtu mwenye ujuzi wa mimea aitazame kabla haijaenda mitamboni. La pili ni la haraka zaidi: maelezo ya picha ile yarekebishwe katika toleo lijalo, kwa kichwa cha habari cha ukubwa ule ule na ikiwezekana kwenye ukurasa ule ule, yakisema wazi kwamba mmea ulioonyeshwa usikatwe kwa ajili ya ng'ombe, punda wala nguruwe. Mvua zimekwisha, nyasi za mabondeni zinaanza kukauka, na wafugaji wa huku kwetu huanza kukata na kuhifadhi malisho katika wiki hizi.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Nachingwea, Lindi